2,147,483,647: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu hii namba

Nafundisha tuition ya hesabu hapa Tanga, jioni natengeneza kompyuta na simu, na hii namba moja imenifuata pande zote mbili. Wanafunzi wananiuliza, wateja wananiuliza, mpaka jirani yangu wa duka la baiskeli kaniuliza. Nimeona bora niyaandike maswali yote sehemu moja. Ukikuta jibu linakurudisha swali la nyuma ujue ni ili nisirudie kitu kilekile.

## Kuijua kwanza

Inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Tarakimu kumi. Kwa kifupi inaandikwa 2^31 − 1, yaani unazidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mara 31 halafu unatoa 1. Kuanzia hapa nikisema "namba yetu" ni hiyo.

Sasa kwa nini 2 kipeo cha 31 halafu utoe moja? Si umeichagua tu?

Hapana, chukua kibubu. Tarehe 1 Januari unatia shilingi 1, tarehe 2 unatia shilingi 2, tarehe 3 unatia 4, tarehe 4 unatia 8, kila siku mara mbili ya jana. Mwanzoni unaona mchezo, tarehe 10 unatia shilingi 512 na kibubu kizima kina 1,023, hata chai na chapati mbili hupati vizuri. Tarehe 20 unatakiwa utie 524,288 na hapo ndo watu wanaanza kukimbia. Tarehe 31 peke yake ni shilingi 1,073,741,824, na ukivunja kibubu usiku ule unakuta shilingi 2,147,483,647 kamili, haipungui wala haizidi hata senti.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu kila siku unachotia kinazidi kwa shilingi moja tu jumla ya vyote vilivyotangulia. Tarehe 4 unatia 8, ndani kuna 1+2+4 = 7. Kwa hiyo ukivunja tarehe 31, ndani kuna kile ambacho ungetakiwa kutia tarehe 32 toa shilingi moja, na tarehe 32 ingekuwa 2^31. Huu mfano ushike, nitaurudia sana.

Wanasema ni "namba tasa". Maana yake nini kwa mtu wa kawaida?

Maana yake hela za kibubu kile huwezi kuwagawia watu sawasawa bila kubaki chenji, wawe wawili, wawe saba, wawe watu wote wa Ngamiani, labda achukue mmoja zote au watu wawe 2,147,483,647 kila mmoja apate shilingi yake. Kitaalamu tunasema vigawo vyake ni 1 na yenyewe basi.

Jaribu za haraka: inaishia na 7 kwa hiyo 2 na 5 haziingii. Jumlisha tarakimu zake, 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 ni 46, na 46 haigawanyiki kwa 3 kwa hiyo 3 haiingii. Hayo unayafanya kichwani. Kazi ni zilizobaki, soma sehemu inayofuata.

Mbona umesema Januari? Ningeanza Februari je?

Hili swali aliniuliza binti wa form two na ni zuri kuliko mengi ya kwenye vitabu. Kibubu cha Februari ya siku 28 kinaishia na 268,435,455, unaona inaishia na 5, kwa hiyo 5 inaingia. Februari ndefu ya siku 29 inatoa 536,870,911 ambayo ni 233 × 1,103 × 2,089. Mwezi wa siku 30 unatoa 1,073,741,823 na hiyo 3 inaingia. Katika aina zote nne za miezi tulizonazo ni ile ya siku 31 tu inayotoa namba tasa. Hakuna aliyepanga kalenda kwa ajili hiyo, imetokea tu, ila mimi kila nikiona tarehe 31 kwenye kalenda ya ukutani nakumbuka.

## Utasa wake umehakikishwaje

Nani alihakikisha? Si kompyuta?

Ni Leonhard Euler, mwaka 1772, na kompyuta hazikuwepo hata kwa ndoto. Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, na wakati huo alikuwa Saint Petersburg, Urusi, umri unagonga 65 na macho karibu hayaoni kabisa. Aliieleza kwenye barua aliyomwandikia mwanahesabu mwenzake, Bernoulli. Mimi hii habari naihadithia kila mwaka kwa darasa jipya na bado inanigusa, mzee haoni, kagawanya namba ya tarakimu kumi mara nyingi na kapatia.

Kabla yake Pietro Cataldi wa Italia, mwaka 1588, alishahakikisha 2^17 − 1 na 2^19 − 1, akasema pia kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vinatoa namba tasa. Katika hivyo vinne alipatia 31 peke yake. Kubahatisha na kuhakikisha ni vitu viwili.

Aliwezaje kwa mkono? Si angejaribu namba bilioni mbili?

Twende taratibu, hapa ndo penye utamu wenyewe.

Hatua ya kwanza kila mtu anaijua, huhitaji kujaribu zaidi ya kipeuo cha pili. Kama namba inavunjika kuwa namba mbili zilizozidishwa, moja kati ya hizo mbili lazima iwe ndogo au sawa na kipeuo chake, maana zote zikiwa kubwa zaidi zitapitiliza. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na pointi kidogo. Kwa hiyo bilioni mbili zimeshuka mpaka elfu arobaini na sita. Ukijaribu namba tasa tu zinabaki karibu 4,800. Bado nyingi kwa kalamu ya unyoya.

Hatua ya pili ndo ya kiume. Chukua namba tasa yoyote, iite q, tuseme inaingia kwenye namba yetu. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, kila mara gawanya kwa q na uangalie baki tu. Mabaki yanazunguka kama mshale wa saa, yanaondoka kwenye 1 na baada ya hatua kadhaa yanarudi kwenye 1. Kwa kuwa q inaingia kwenye 2^31 − 1 bila baki, maana yake baada ya hatua 31 tumerudi kwenye 1. Mzunguko wenyewe lazima basi uingie kwenye 31 kamili kamili, na 31 ni namba tasa, kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 (wa hatua 1 hauwezekani). Sasa kuna kanuni aliiacha Fermat wa Ufaransa, kwamba kwa namba tasa yoyote isiyo 2, baada ya hatua q − 1 lazima urudi kwenye 1. Kwa hiyo 31 lazima iingie kwenye q − 1. Na q ni witiri kwa hiyo q − 1 ni shufwa, 2 nayo inaingia. Ziunganishe: 62 inaingia kwenye q − 1. Kwa maneno mengine vigawo pekee vinavyoweza kuwepo ni 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, kila moja 62 zaidi ya iliyotangulia.

Hatua ya tatu, 2^32 ukiigawa kwa q inabaki 2, si ndiyo, maana 2^31 inabaki 1. Na 2^32 ni 2^16 mara yenyewe. Kwa hiyo ndani ya saa ya q, 2 imekuwa kipeo cha pili cha namba fulani, na inajulikana kwamba hili linatokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1 au 7. Ukichuja tena kwa sharti hilo, vinabaki vile vya aina 248m + 1 na 248m + 63 tu.

Hesabu vilivyo chini ya 46,341: ni 373, na ukiitoa 63 ambayo haikawii kuonekana si tasa vinabaki 372. Na katika hivyo vingi navyo si tasa (249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43) unaviruka. Kutoka bilioni mbili mpaka migawanyo isiyozidi 372, hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye daftari na subira.

Sijaelewa hatua ya pili, nipe mfano mdogo.

Chukua 2^11 − 1 = 2,047. Kwa mantiki ileile vigawo lazima viwe 22k + 1, yaani 23, 45, 67, 89... Na kweli 2,047 = 23 × 89. Ya kwanza ni 22 × 1 + 1, ya pili 22 × 4 + 1. Fanya na 2^23 − 1 = 8,388,607, vigawo viwe 46k + 1, jaribu cha kwanza kabisa, 47, kinaingia mara 178,481. Hiyo ndo iliyomwangusha Cataldi, mgawanyo mmoja tu.

Kwa hiyo 2 kipeo cha namba tasa toa moja si lazima itoe namba tasa?

Si lazima, mifano miwili iko swali la juu. Kinyume chake ndo lazima: kipeo kikiwa si tasa, jibu haliwi tasa kamwe. Ndo maana kibubu cha siku 30 na cha siku 28 havikuwa na matumaini toka mwanzo.

Namba tasa za aina hii zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, padri wa Ufaransa, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257. Alikosea viwili (67 na 257) na akasahau vitatu (61, 89 na 107). Namba yetu ni ya nane katika ukoo huo: vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19 halafu 31.

Kuna njia fupi kuliko ya Euler?

Ipo, ya Édouard Lucas wa karne ya 19, akaja Derrick Lehmer akainyoosha mwaka 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima uchukue baki. Rudia. Ukiwa na kipeo p fanya hivyo mara p − 2, mwisho ukipata 0 ni tasa, ukipata kingine chochote si tasa.

Pima 31, ambayo ni 2^5 − 1, hatua tatu: 4, halafu 14, halafu 194 ambayo inabaki 8, halafu 64 toa 2 ni 62, baki 0. Ni tasa. Pima 127 hatua tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa. Pima 2,047 hatua tisa utaishia 1,736, siyo tasa, na ona kwamba imekwambia si tasa bila kukuonyesha vigawo vyake. Kwa namba yetu ni hatua 29 basi. Mwanafunzi wangu mmoja kazifanya kwa mkono wiki nzima ya likizo na akafika sifuri, nilifurahi kama mimi ndo nimefanya.

## Kwenye simu na kompyuta

Mbona hii namba naikuta kwenye magemu na kwenye eksel za watu?

Kwa sababu kompyuta inaandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa muda mrefu kipimo cha kawaida cha kuhifadhi namba nzima kimekuwa nafasi 32. Nafasi moja inatumika kuonyesha kama ni chanya au hasi, zinabaki 31. Ukizijaza zote 1 unapata 1+2+4+8 mpaka 2^30, yaani kile kibubu cha Januari, kila siku umetia. Hapo ndo mwisho wa chombo. Ukiongeza moja, kwenye programu nyingi inageuka ghafla kuwa −2,147,483,648. Ndo maana kwenye magemu mengi hela haziendi zaidi ya hapo.

Desemba 2014 hata YouTube ilikutana nayo, video ya Gangnam Style ilikuwa inavuka idadi hiyo ya watazamaji, wakahamia nafasi 64 ambazo mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807.

Nimetengenezewa sistimu, wazazi wote wana namba moja ya simu, 2147483647. Ni virusi?

Sio virusi. Hii nimeikuta kwa macho yangu, sehemu moja hapa mjini waliweka majina ya wazazi mia tatu na kitu, siku ya kutuma meseji za mkutano hakuna hata mmoja aliyepata, kufungua wanakuta kila mzazi namba ileile. Mwalimu aliyeingiza alilaumiwa sana na hakuwa na kosa lolote, iliniuma.

Kilichotokea ni hivi. Aliyetengeneza alisema namba ya simu ihifadhiwe kama namba ya kuhesabu, ya nafasi 32. Namba zetu zikianza na 255 zina tarakimu 12, ni zaidi ya bilioni 255, chombo kinabeba bilioni 2 na kidogo. Databesi kama MySQL ikiwa haijawekwa kwenye hali ya ukali haikatai, inakuwekea kubwa kuliko zote inayoweza, nayo ndo hiyo. Vibaya zaidi ile namba halisi haipo tena, hairudi, lazima ukusanye namba za wazazi upya.

Dawa ni kuhifadhi simu kama maandishi. Simu huijumlishi wala huizidishi, sio namba ya hesabu, na ukiiweka kama namba hata ile sifuri ya mbele inapotea. Namba ya NIDA ndo kabisa, ina tarakimu 20, hiyo hata nafasi 64 haitoshi.

Na habari ya mwaka 2038 ni kweli?

Ni kweli. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde toka usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 (saa za Greenwich, kwetu ilikuwa saa tisa usiku). Zile zinazotumia nafasi 32 zitafika sekunde ya 2,147,483,647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi dakika 14 na sekunde 7, jua bado halijachomoza baharini. Sekunde inayofuata zinarudi nyuma mpaka Ijumaa 13 Desemba 1901, wakati huo huku kwetu ni Mjerumani anatawala.

Simu mpya nyingi zimeshahamia nafasi 64 kwa hiyo usitupe simu yako. Za kuangalia ni vile vidude vinavyofungwa ukutani vikasahaulika miaka ishirini.

Kompyuta waliichagua hiyo namba kwa sababu ni tasa?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Mpaka wa kompyuta umetoka kwenye nafasi 31, utasa umetoka kwenye hesabu, vimekutana tu. Ushahidi ni kwamba mpaka wa nafasi 64, yaani 2^63 − 1, si tasa, 7 inaingia.

Ila mahali pamoja utasa wake umetumika kweli. Kutengeneza namba za kubahatisha unachukua namba, unazidisha kwa 16,807 (ambayo ni 7 kipeo cha 5), unagawanya kwa namba yetu, baki ndo namba yako mpya. Kwa kuwa ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, inazipitia zote 2,147,483,646 bila kurudia hata moja ndipo inaanza upya. Wataalamu wa kompyuta Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988 na imetumika sana. Kwa mambo ya siri kama paswedi usiitumie, inabashirika.

## Maswali ya pembeni

Majirani zake ni kina nani?

Namba tasa iliyo nyuma yake ni 2,147,483,629 na ya mbele ni 2,147,483,659. Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, yetu ni ya 105,097,565. Na ukiitoa 1 inavunjika vipande vizuri kweli: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331.

Namba timilifu inaingiaje hapa?

Namba timilifu ni ile ukijumlisha vigawo vyake (bila yenyewe) unaipata yenyewe. 6 ni 1+2+3. 28 ni 1+2+4+7+14. Toka enzi za Euclid inajulikana kwamba kila namba tasa ya aina ya Mersenne inazaa moja. Yetu izidishe kwa 2^30, yaani kibubu chote mara kile ulichotia tarehe 31, unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni timilifu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo huenda ndo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Lucas kahakikisha 2^127 − 1, ya tarakimu 39. Mwaka 2024 imepatikana 2^136,279,841 − 1 yenye tarakimu 41,024,320. Watu wanajisumbua.

31 ni tasa, 2^31 − 1 ni tasa, je nikiiweka juu tena, 2 kipeo cha 2,147,483,647 toa moja?

Wanafunzi wakali lazima wafike hapa. Angalia mnyororo: 5 ni tasa, 2^5 − 1 ni 31, 2^31 − 1 ni namba yetu, inashawishi kuendelea. Hiyo inayofuata ina tarakimu 646,456,993, haiandikiki kwenye daftari lolote duniani. Lakini mantiki ya Euler (hatua ya pili kule juu) inafanya kazi vilevile, kigawo lazima kiwe mara fulani ya 4,294,967,294 jumlisha 1. Mwaka 1983 kilipatikana kimoja: 295,257,526,626,031, yaani 68,745 × 4,294,967,294 + 1. Kwa hiyo si tasa, mnyororo umekatikia hapo.

Nataka kufanya migawanyo ya Euler mwenyewe. Nianzie wapi?

Daftari la kurasa 64 linatosha. Anza na 311, inaingia mara 6,905,092 inabaki 35. Ya pili ni 1,303, inaingia mara 1,648,107 inabaki 226. Kisha endelea na 248m + 1 na 248m + 63, ukiruka zisizo tasa, mpaka uvuke 46,340. Ukipata baki sifuri popote umekosea, rudia huo mgawanyo, halafu niletee nikusaidie kutafuta ulipoteleza.